Mlima Unapoishia Kayole

Mitaa ya Eastlands imejengwa mguuni pa mlima na mlangoni pa nchi kame. Ni wakazi wachache wanaoifikiria hivyo, kwa sababu mlima wenyewe haujitokezi kama ukuta mbele ya macho ya mtu wa Umoja au Dandora, na ukame nao unaanza polepole, ploti hadi ploti, hata mtu asiweze kusema umeanzia wapi. Hata hivyo, karibu kila shida inayojirudia upande huu wa Nairobi ina mzizi katika umbo hilo la nchi: nyufa za kuta, maji yanayotuama uani siku nyingi baada ya mvua, mafuriko ya masika, meno yenye madoa ya kahawia kwa watoto waliolelewa na maji ya kisima kirefu. Sura hii inadai kwamba Eastlands haieleweki, wala haitatengenezeka, kwa mtu asiyesoma mwamba ulio chini yake. Dai hilo lina wapinzani, na baadhi yao wana hoja nzito. Kila mmoja atajibiwa mahali pake.

Tuanze na mlima. Magharibi ya Nairobi nchi inapanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na kaskazini yake safu ya Nyandarua inafika karibu mita 4,000 kwenye kilele cha Ol Donyo Lesatima. Katikati ya jiji ni kama mita 1,660. Maana yake ni kwamba kutoka Limuru hadi mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 30, ardhi inashuka zaidi ya mita 500. Kutoka mjini hadi Ruai, mwendo usiopungua sana huo, inashuka mita zisizofika 200. Mto uliokuja mbio kutoka Kikuyu unafika Makadara ukiwa umechoka, na mto uliochoka hutua mzigo wake. Ukiendelea mashariki unakutana na Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo, na kusini yake Lukenya na milima ya Mua, kisha Yatta, Kitui na nyika ya Tsavo. Pepo za mvua hutoka Bahari ya Hindi na kuvuka nyanda hizo bila kupanda, ndiyo maana haziachi maji mengi huko; zikilazimika kuukwea mlima, hewa hupoa na mvua hunyesha. Limuru wanachuma chai, na Athi wanafuga ng'ombe kati ya migunga, ingawa kati ya pande hizo mbili hakuna safari ndefu ya matatu. Eastlands imekaa katikati ya mpito huo, ikipokea mafuriko ya upande mmoja na kiangazi cha upande wa pili.

Mlima huo umejengwa na volkano. Chini ya kila kitu kuna mwamba wa kale sana, gnaisi, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Ndio unaochomoza Lukenya na Ol Donyo Sabuk. Juu yake, Bonde la Ufa lilipoanza kuvimba na kupasuka, lava zilimwagika awamu baada ya awamu. Ya kwanza kuenea upande wetu ilikuwa fonolaiti ya Kapiti, takribani miaka milioni 13 iliyopita. Baadaye, kama miaka milioni 5 iliyopita, ilifuata fonolaiti ya Nairobi, ambayo ndiyo sakafu ya sehemu kubwa ya Eastlands. Kisha zikaja trakaiti na majivu ya volkano yaliyoshikamana kuwa jiwe, yaani tufi, lakini nyingi kati ya hizo zilirundikana magharibi, kwenye migongo ya Kabete, Kikuyu na Limuru. Ukitaka kuiona tofauti, linganisha mawe mawili ambayo kila mjengo unayatumia. Kokoto nyeusi inayosagwa katika machimbo ya Njiru na Embakasi ni fonolaiti: ngumu, yenye chembe ndogo, ukiigonga kwa nyundo inatoa mlio kama wa chuma. Jiwe la kijivu la ukutani ni tufi, laini kiasi kwamba mchongaji hulipasua kwa patasi na kulinyoosha kingo kwa mkono. Magharibi mito imelikata hilo jiwe laini na kuacha mabonde marefu yaliyofuatana sambamba. Mashariki mito imekuta fonolaiti, na fonolaiti haikatiki upesi.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jinsi mlima huu ulivyo mkongwe hauko jijini, uko kwenye nyanda za juu za Yatta. Huo ni mgongo mrefu wenye kichwa bapa, unaoanzia jirani na Ol Donyo Sabuk na kuelekea kusini-mashariki hadi Tsavo, karibu kilomita 300, huku upana wake ukiwa kilomita chache tu. Aliyeupita kwenye barabara ya Mombasa hudhani ni kilima cha kawaida kilichonyooka. Kwa kweli ni bonde lililogeuka. Lava ya fonolaiti ilishuka kutoka nyanda za juu, ikaingia ndani ya bonde la mto na kulifuata hadi ilipoganda. Kingo za bonde hilo zilikuwa za mwamba wa kale uliolika kwa urahisi zaidi. Mvua za mamilioni ya miaka zikaziondoa, na lava iliyokuwa chini ikabaki juu. Mwaka 2010 Henry Wichura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, walichapisha hesabu ya mteremko ambao lava hiyo ingehitaji ili ifike mbali vile, wakahitimisha kwamba nyanda za juu za Afrika Mashariki zilikwisha kuinuka hadi takribani mita 1,400 yapata miaka milioni 13.5 iliyopita. Tarakimu hiyo inategemea makadirio ya uzito na joto la lava, na mtaalamu anaweza kuibishia. Mwelekeo wake ni vigumu kuubishia, kwa kuwa lava haitembei mamia ya kilomita juu ya uwanja tambarare. Mto Athi leo unapita chini ya ukuta wa Yatta, kisha unaitwa Galana, na kwa jina la Sabaki unaingia baharini kaskazini ya Malindi. Mto Nairobi, uliozaliwa kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu na kupita Gikomba, Kariobangi na Njiru, unamwaga maji yake ndani ya Athi. Mfereji ulio nyuma ya soko la Gikomba ni sehemu ya mteremko ule ule wa kale.

Mteremko huo ndio uliogawa udongo. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alieleza jambo ambalo wakulima wa Afrika Mashariki walikuwa wakiliona kila siku: ukishuka kutoka kilele cha kilima hadi bondeni unakutana na udongo mwekundu juu, wa kahawia katikati na mweusi chini, na udongo huo hufuatana vivyo hivyo kilima baada ya kilima. Sababu yake ni maji. Juu, mvua hupenya na kuondoka, ikichukua chokaa, magnesi na silika. Kinachobaki ni udongo mwekundu wenye chuma, unaopitisha maji na usiobadilika sana ukilowa. Chini, vilivyochukuliwa hutua, na kwa kuwa maji hayana pa kukimbilia huungana kuwa aina ya mfinyanzi unaovuta maji katikati ya tabaka zake ndogo na kuvimba, kisha ukikauka unajikunja na kupasuka. Ndiyo maana kusema kwamba udongo mweusi ni jiwe la Eastlands lililooza tu ni kosa dogo lenye madhara makubwa. Fonolaiti hiyo hiyo, ikiwekwa kwenye mteremko wenye mvua ya kutosha, huweza kutoa udongo mwekundu. Kinachoufanya mweusi ni utambarare na ukame wa msimu, yaani ni kule kukaa mahali mlima unapoishia na nchi kame inapoanza.

Fundi anayechimba msingi Mihang'o au Utawala anaujua udongo huu kuliko vitabu. Wakati wa kiangazi una nyufa zinazomeza kiganja kizima. Wakati wa mvua unashikamana na gambuti hadi mguu unakuwa mzito kuinua. Kwenye ukuta wa mtaro unaona tabaka waziwazi. Juu ni weusi mtupu, kina chake kikitofautiana ploti hadi ploti, na ndani yake nyuso zinazong'aa kama zimepigwa msasa, mahali ambapo mabonge ya udongo yamesuguana yakivimba. Chini yake weusi unafifia na vinundu vyeupe vya chokaa vinatokea, vigumu, vya ukubwa wa kunde au yai. Halafu jiwe lililooza, halafu jiwe zima. Msingi ukiishia kwenye weusi, nyumba inapanda na kushuka kila mwaka pamoja na misimu, na haipandi yote kwa pamoja, kwa sababu udongo ulio chini ya sakafu hubaki mkavu huku ule wa pembeni, penye bomba la bafu au maji ya paa, ukilowa. Ufa unaotokea una alama yake: unaanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka kwa ngazi, ukifuata saruji kati ya jiwe na jiwe. Upana wake hubadilika kati ya Aprili na Septemba. Kuuziba kwa plasta na kupaka rangi ni kupoteza pesa.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo ndilo zito kuliko yote: kwamba shida za Eastlands zilitengenezwa na siasa, si jiolojia. Reli ilifika Nairobi Mei 1899 na ikasimama mahali tambarare penye kinamasi kabla ya kuukwea mlima, kwa sababu wahandisi walihitaji uwanja wa karakana na maji. Tauni ilipoingia mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Yalitolewa mapendekezo ya kuuhamisha mji kutoka kwenye kinamasi hicho, lakini Winston Churchill, aliyepita mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliandika kuwa wakati wa kuhama ulikwisha pita. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alipendekeza jiji litengwe kwa rangi za watu. Wazungu wakachukua migongo ya magharibi. Waafrika wakapewa mashariki, Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na mitaa mingine iliyofuata. Mpinzani anasema: haya yote yaliamuliwa na watu kwa kalamu, na kumsingizia mwamba ni kuwaondolea hatia. Ana haki ya kuogopa hivyo. Lakini waliotenga jiji hawakutenga kwa kufumba macho. Waliongozwa na hofu ya malaria, maji yaliyotuama na majitaka, na hofu hizo zote ni ramani ya mteremko. Ubaguzi uliamua nani apewe nini. Ardhi ndiyo iliyotangulia kuamua kipi ni kizuri na kipi ni kibaya. Tukiisahau nusu hiyo ya pili tunabaki bila jibu la swali gumu: kwa nini zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, watawala wakiwa wengine kabisa, mstari wa zamani bado unaonekana? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba sera ilifutwa lakini udongo haukufutika, na hakuna aliyepewa bajeti ya kukabiliana nao.

Mpinzani wa pili anauliza: ikiwa udongo ndio tatizo, mbona Buruburu imesimama? Mtaa huo, ulioanza kujengwa miaka ya 1970, uko upande huu huu wa jiji, na nyumba zake za vigae vyekundu hazijaanguka. Swali hilo, badala ya kuiangusha hoja, linaikamilisha. Buruburu ilijengwa kwa mpango mmoja, ikiwa na mifereji, majitaka na misingi iliyochorwa kabla ya nyumba ya kwanza. Tazama pia uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 baada ya wafungwa wa enzi ya Mau Mau kufanyishwa kazi ngumu kuujenga, ambao leo ni Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Hakuna mhandisi wa barabara au wa njia ya ndege anayetandaza lami juu ya udongo mweusi kama ulivyo. Huutoa wote, au huutibu kwa chokaa, ndipo ajenge. Maarifa ya kuishi juu ya ardhi hii yapo nchini kwa miongo mingi. Yamekuwa yakitumika kwa ndege na malori. Kwa wapangaji wa Pipeline na Kayole yametumika kwa nadra, na hilo halina msamaha wa kijiolojia.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: Eastlands imelitoa jiwe lake ili jiji lijengwe. Bonde la Mathare lilikuwa machimbo kabla halijawa makazi ya maelfu. Sehemu ya jiwe la kuta za Nairobi ilitoka humo, na watu wakaja kuishi kwenye mashimo yaliyobaki. Njiru na Kayole kokoto imechimbwa hadi kwenye ua wa nyumba, na mashimo yasiyofukiwa hujaa maji ya mvua, yakawa hatari kwa watoto. Jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, liliwekwa kwenye machimbo yaliyoachwa. Lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na bado linapokea taka. Majitaka ya jiji nayo hushuka yenyewe hadi mabwawa ya Ruai, kwa kuwa mteremko unaelekea huko na kuyasukuma kwa pampu kwenda kwingine ni ghali. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, una mantiki ya mteremko na gharama. Ukiyajumlisha, unaona upande mmoja wa jiji ukitoa jiwe na kupokea uchafu, na hakuna kitabu cha hesabu kinachoonyesha fidia.

Maji hufuata njia hiyo hiyo, juu ya ardhi na chini yake. Mafuriko yaliyobeba nyumba Mathare na Mukuru mwezi Aprili na Mei 2024 hayakutokana na mvua ya Mathare na Mukuru pekee. Mvua iliyonyesha Dagoretti, Kikuyu na Kiambu, juu ya mabati na lami visivyonywa chochote, ilikusanyika mitoni na kushuka hadi penye mteremko mdogo. Serikali ilijibu kwa kubomoa nyumba zilizokuwa kando ya mito. Kuondoa watu kwenye njia ya maji ni jambo la lazima, ila kubomoa chini bila kuzuia maji juu ni kumtibu mgonjwa mguu wakati jeraha liko begani. Chini ya ardhi mambo ni ya polepole zaidi. Mvua inayopenya kwenye nyanda za juu husafiri mashariki kati ya tabaka za lava, kupitia mashapo ya maziwa ya kale, na katika safari hiyo ndefu huchota floridi kutoka kwenye mwamba wa volkano. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Visima vingi virefu vya Nairobi vinavuka hapo. Mtoto anayeyanywa wakati meno ya utu uzima yanajijenga ndani ya ufizi atayatoa yakiwa na madoa, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Bomba la jiji, linaloleta maji ya Nyandarua kutoka bwawa la Ndakaini, halina tatizo hilo, ila Eastlands iko mwisho wa bomba na mgao hukatika. Kwa hiyo kisima kinachimbwa, mkokoteni unabeba mitungi, na mwenye duka la maji haulizwi cheti cha maabara.

Ni haki pia kuukinga udongo na lawama zisizo zake. Gorofa ilipoanguka Huruma usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu karibu 50, wako waliosema ardhi ilikuwa mbovu. Jengo hilo lilikuwa kando ya mto na lilikwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Udongo mweusi hupasua ukuta kwa miaka. Ni nadra kuliangusha jengo usiku mmoja. Kwa kuanguka kwa ghafla unahitaji nguzo nyembamba, nondo chache, saruji iliyochakachuliwa na afisa aliyetazama pembeni. Mwenye jengo anayeutaja udongo mahakamani au kwenye kamera anataka mwamba ushtakiwe badala yake.

Pingamizi la mwisho ni la pesa, na linatoka kwa wajenzi wadogo wenyewe. Kuchimba weusi wote hadi kwenye jiwe, kuuondoa kwa lori, kujaza mawe na changarawe, ni gharama inayoweza kumla mtu kabla hajaweka kozi ya kwanza. Ni kweli, na mtu anayejenga vyumba 4 vya kupangisha kwa akiba ya chama hana njia ya mkato. Lakini gharama hailingani kila mahali. Ploti mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana, moja ikiwa na weusi wa nusu mita na nyingine wa mita 2, na zinauzwa bei ileile kwa sababu mnunuzi haoni chini. Ziko pia hatua zisizo ghali: mkanda wa zege unaozunguka msingi wote, mabomba ya paa yanayopeleka maji mbali na ukuta, utandazo wa saruji kuzunguka nyumba, na kutopanda mkaratusi karibu na dirisha, kwa kuwa mti huo hunyonya unyevu upande mmoja tu. Ripoti ya E. P. Saggerson kuhusu jiolojia ya eneo la Nairobi ilichapishwa mwaka 1991 na inaonyesha wapi fonolaiti inaanza na wapi tufi inaishia. Tatizo lake ni kwamba haishuki hadi kipimo cha ploti. Pengo hilo kaunti inaweza kulijaza bila mkopo wa nje. Kila kibali cha ujenzi mashariki ya barabara ya Outer Ring kidai shimo moja la majaribio lililochimbwa hadi kwenye jiwe, kina cha weusi kiandikwe kwenye fomu pamoja na mahali vinundu vya chokaa vinapoanzia, na rekodi hizo zote ziwekwe wazi kwa namba ya ploti, ili anayekwenda kulipa amana Mihang'o au Ruai azisome kabla hajatoa pesa mfukoni.